Insha Iliyokwenda Bila Mimi

Swali lilikuwa moja, tena fupi: kwa nini unataka kuwa daktari? Chini yake waliacha nafasi ya maneno mia tano, na mashine yenyewe ilikuwa kali kuliko mwalimu. Ukifika mwisho wa nafasi unaweza kubonyeza mpaka kidole kikaume, herufi hazitoki.

Tulikuwa kundi dogo, wote tumemaliza kidato cha sita, wote wakimbizi, tukikutana mchana katika chumba cha kompyuta pale Besikampu, sehemu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, zilipo ofisi na maduka makubwa. Ufadhili tuliouomba ulikuwa wa kusomea udaktari ng'ambo. Aliyetusaidia kuandika alikuwa mama mmoja wa Mbarara, binti wa mwanajeshi, aliyezaliwa na kukulia ndani ya kambi ya jeshi. Kiswahili chake alikipata humo, kwa watoto wa askari waliotoka kila pembe ya Uganda, na alikisema kama anayetoa amri hata pale alipokuwa anakubembeleza. Tulimwita madamu.

Insha yangu ya kwanza ilianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na moyo wa kusaidia watu." Madamu aliisoma amesimama nyuma yangu. Alipomaliza akavuta kiti, akakaa.

"Wewe msichana, hii kila mtu ameandika. Huyu ameandika, yule ameandika. Hawa watu wa ng'ambo wanasoma hii mpaka wanasinzia."

"Lakini ni kweli, madamu."

"Mimi sijakataa. Ni kweli, lakini iko baridi. Kitu gani ilikufikia wewe? Wewe mwenyewe, mpaka ukasema lazima niwe daktari? Enda ufikirie."

Nilifikiria. Nilipenda biolojia. Nilipenda kuchora moyo, vyumba vyake na mishipa yake, nikaweka rangi nyekundu huku na buluu kule. Nilipenda pia, na hili sikumwambia mtu, jinsi watu walivyompisha daktari njiani, hata wazee. Mambo hayo hayajazi maneno mia tano.

Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu na rafiki yangu, Mkongomani wa upande wa Kivu. Aliishi na mama yake mdogo katika kiwanja kilichopakana na chetu, na Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwake tukiwa watoto, kwa kuwa mimi nilifika nikijua Kirundi peke yake. Tulisoma pamoja kuanzia msingi. Naye aliandika insha, juu ya malaria, na madamu alimwambia maneno yale yale. Njiani akamwigiza, mikono kiunoni: "Kitu gani ilikufikia wewe?" Tukacheka mpaka ng'ombe waliokuwa wanateremka kwenda ziwani wakageuza pembe zao kututazama.

Kicheko kilipokwisha, nikajikuta namsimulia jambo ambalo sikuwa nimemsimulia mtu yeyote.

Nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa mjamzito, karibu kabisa kujifungua, na baba alikuwa kwenye kibarua cha mashamba ya ndizi huko upande wa Kaberebere. Asubuhi moja mama aliniambia nisiende shule. "Mtoto amenyamaza," alisema. Alitaka nimsindikize kwenye kituo cha afya kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa najua Kiingereza, kile Kiingereza cha darasani cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Daktari alikuwa kijana wa Kiganda. Alichukua kipande cha chuma chenye umbo la tarumbeta ndogo, akakiweka juu ya tumbo la mama, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akasikiliza tena. Aliniambia nimuulize mama ni lini mtoto alipiga teke mara ya mwisho. Nikauliza. Mama akajibu kwamba ni siku ya misa, walipokuwa wanaimba. Daktari akasikiliza kwa muda mrefu zaidi, kisha akamtuma muuguzi akamwite mkalimani wa Kirundi, ambaye alikuwa na wagonjwa wengine jengo la pili.

Mama hakuhitaji mkalimani ili kusoma uso wa mtu. "Muulize amesikia nini."

Nikamuuliza. Daktari akatazama mlango, mkalimani hajafika. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akaniambia taratibu kwamba mtoto amefariki, kwamba anasikitika sana, na kwamba mimi nisiseme lolote, tumngojee mkubwa aje aseme.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Mtoto atawezaje kunyamaza mbele ya mama yake aliyemuuliza? Nikasema, "Mtoto hayupo tena." Ndivyo tunavyosema kwetu, kwa adabu. Mama akaushika mkono wangu, akaubandika juu ya tumbo lake.

"Hayupo vipi? Huyu hapa."

Na kweli alikuwapo, chini ya kiganja changu, mgumu na mzima kama kibuyu. Ikabidi niseme kwa neno lile jingine, neno ambalo nyumbani tunalisema kwa mbuzi na kuku, na kwa binadamu tunalitafutia njia ya kulizunguka. Nikasema, "Amekufa, mama."

Mama akanyoosha mkono akaniziba mdomo. Hakuniumiza. Kiganja chake kilinuka sabuni ya mche. Alikiacha hapo mpaka mkalimani alipoingia, na daktari muda wote huo alikuwa bado amechuchumaa, watu wanagonga mlango, yeye anawajibu wasubiri.

Rafiki yangu alinisikiliza bila kunikatiza. Tulipofika penye njia panda ya kwetu akasimama.

"Andika ile," akasema. "Weye, andika ile ile. Usibadilishe hata kitu."

Niliiandika kesho yake, mara moja, bila kufuta. Madamu alipoisoma aligeukia dirishani. Nikabaki naona mabega yake tu. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imesharudi kazini.

"Sasa hapa tuko na insha. Tutaipiga pasi kidogo. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha?"

"Sikumbuki, madamu."

"Weka mvua. Si uwongo, Nakivale mvua inanyesha. Na huyu daktari ni mzuri sana. Kama yeye ni mzuri hivi, wewe unaenda kurekebisha kitu gani? Mpunguze."

Nikampunguza. Kwanza nilifuta pale alipochuchumaa, akawa anazungumza amesimama. Halafu, ili aonekane mtu mwenye haraka, nilimfanya atazame saa yake. Sikuandika kwamba alikuwa mbaya. Nilimpa saa tu. Kila siku niliisoma insha ile, nikiongeza hapa na kupunguza pale, na kila nilipoisoma nilimwona akiinua mkono kutazama saa. Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile nasikia mvua juu ya mabati, na siwezi kukuambia kama mvua hiyo ilinyesha au niliitia mimi.

Mama aligundua kabla sijamwambia. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe, mimi nimejiinamia na karatasi niliyochapishiwa.

"Unaandika nini kinachokufanya usinitazame?"

Nikamsomea. Insha ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa nasoma sentensi kimyakimya kisha naigeuza Kirundi kwa sauti. Nilipofika katikati ndipo nilipotambua kwamba nafanya kazi ile ile kwa mara ya pili, namletea mama habari ile ile, ila sasa nimeiremba. Mikono yake iliendelea na maharagwe mpaka nilipofika penye saa. Hapo ikasimama.

"Yule daktari hakuwa na saa," akasema. "Alikuwa amechuchumaa. Suruali yake ilishika vumbi magotini, nililiona aliposimama."

"Ni madamu aliyesema nipunguze..."

"Kwa hiyo watu hao wanampa mtu shule kwa sababu mtoto wa mwenzake alikufa?"

"Hapana, mama. Wanataka kujua kwa nini nataka kuwa daktari."

"Na ni kwa sababu ya yule?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Ndiyo" hiyo ndiyo iliyokuwa imeandikwa mwisho wa insha, kwa maneno mazuri. Lakini baada ya siku ile nilikuwa nakichukia kituo cha afya, hata harufu yake. Nilikuwa nazunguka njia ya mbali ili nisipite mbele yake. Udaktari ulinijia baadaye, kwa kuchora moyo na rangi mbili. Nikaikunja karatasi.

"Hatukumpa jina," mama akasema. "Hatukumpa nguo, hatukumpa chochote. Kitu kimoja tu tulimfanyia, kwamba hatukumtuma popote. Usimtume leo akakuombee shule. Siku ambayo huombi kitu kwa mtu, msimulie umtakaye."

Akainuka na ungo wake, akaenda jikoni. Sikumwona akilia. Leo siombi kitu kwa mtu, ndiyo maana naandika, tena bila jina la yeyote.

Niliifuta insha. Nikaandika nyingine, juu ya majirani niliowasindikiza hospitalini nikiwa mkubwa kidogo, nikawa mdomo wao mbele ya wauguzi: bibi mwenye sukari, mama mwenye mapacha, kijana aliyeshindwa kutaja kwa aibu mahali panapomuuma. Nilimwambia madamu kwamba mama amekataa. Alishusha pumzi.

"Basi imerudi baridi," akasema. "Lakini mama ni mama. Tuma."

Rafiki yangu naye nilimwambia. Aliuliza swali moja tu: "Umeifuta yote?" Nikamjibu yote. Akatikisa kichwa, tukaanza kuzungumza mambo mengine.

Waliochaguliwa kwa usaili kutoka kwetu walikuwa wachache, na sisi wawili tulikuwamo. Usaili ulikuwa Mbarara, katika hoteli moja upande wa Ruti. Tuliondoka alfajiri. Rafiki yangu alivaa koti la mama yake mdogo, lililomzidi mabega, na kabla ya kufika Kaberebere alimwomba dereva asimame, akashuka, akatapika kando ya barabara kwa hofu. Nilimshika mgongo. Nilimnawisha uso. Alinishika mkono mpaka tukaingia mjini, na ninakumbuka nikijiambia kwamba nikikosa mimi, basi apate yeye.

Aliitwa kabla yangu. Mimi nilikaa kwenye korido yenye zulia, nikirudia Kiingereza changu moyoni. Alipotoka macho yake yalikuwa yamelowa, akapita mbele yangu kama hanioni, moja kwa moja hadi nje. Nilidhani ameshindwa.

Ndani kulikuwa na watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mtu mzima, daktari, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa anafuta miwani yake kwa upindo wa kitambaa cha meza. Walinisalimu, wakaniuliza juu ya masomo, nikajibu vizuri. Kisha yule mwanamke akavaa miwani.

"Tusamehe," akasema. "Mwenzako wa sasa hivi ametugusa sana. Alikuwa mtoto mdogo, anamfasiria mama yake kwa daktari, ikabidi yeye ndiye amwambie kwamba mtoto tumboni amekufa. Mama akamwekea mkono wake juu ya tumbo akamwambia, huyu hapa." Akanigeukia. "Ninyi mnatoka mahali pamoja. Mambo ya namna hii yanatokea huko? Wewe yamewahi kukukuta?"

Ilikuwa ile insha yangu niliyoifuta. Hata maneno yalikuwa yale yale, mkono juu ya tumbo, huyu hapa. Ningesema ni yangu? Wangeniona mwizi wa msiba wa mwenzangu, niliyeusikia kwa kutega sikio mlangoni. Na kama wangeniamini, wangemfuta yeye. Halafu kulikuwa na mama, na maharagwe yake.

"Hilo ni la mwenyewe kulisimulia," nikasema.

Wakatazamana. Yule mwanamke akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyefundishwa jambo, akaandika kitu. Waliona nimemstahi rafiki yangu. Maswali yaliyobaki nimeyasahau yote.

Nilimkuta nje, ng'ambo ya barabara, penye mama anayeuza ndizi za kuchoma. Alikuwa ameshika ndizi hajaila. Nilisimama mbele yake, akajua.

"Wamekuambia," akasema.

"Kwa nini?"

"Weye uliitupa."

"Sikuitupa. Nilimrudishia mwenyewe."

Muuza ndizi akatutazama, akageuka kupepea makaa yake. Rafiki yangu alikuwa anaongea huku anaitazama barabara ya Kabale, malori yanapita.

"Ule mama aliniuliza sawa vile madamu. Ni nini ilikufikia? Lakini yeye aliuliza polepole, ananiangalia mu macho. Nikasikia yangu inapanda. Ile ya njiani, wakati tulikimbia na mama na batoto. Ilifika hapa." Akagusa koo. "Nikaona kama inatoka, sitaweza kuirudisha tena ndani. Nikachukua yako. Yako nilikuwa najua mwisho yake."

Miaka yote ile tuliyokaa jirani, sikujua kwamba kulikuwa na watoto wengine. Hakuwahi kumtaja ndugu hata mmoja. Mama yake mdogo naye hakuwahi. Tulikuwa tunajua tu kwamba mama yake "alibaki", neno ambalo Nakivale hakuna anayeliuliza zaidi.

Nilipaswa kumuuliza, wangapi, walikuwa nani. Lakini hasira ilikuwa imenijaa.

"Ungenyamaza tu. Mimi nimenyamaza."

"Weye unaweza kunyamaza," akasema. "Weye uko na mama."

Katika gari la kurudi alisinzia, kichwa chake kikaangukia bega langu. Sikukisukuma. Wala sikulikaza bega ili alale vizuri.

Majibu yalipotoka, madamu alikuja mwenyewe mpaka kwetu kwa bodaboda. Rafiki yangu alikuwa amepata. Mama yake mdogo alipiga vigelegele, watu wakatoka majumbani, watoto wakakimbia. Madamu akanivuta pembeni ya nyumba.

"Wewe walikupenda sana. Wamesema huyu anajua kutunza siri ya mtu, kama daktari kabisa. Lakini nafasi ilikuwa moja." Akanitazama usoni. "Mbona hulii?"

"Nitalia, madamu."

Ningeweza kumwambia pale pale. Mwenzangu alikuwa hajapanda ndege. Neno moja la madamu lingefika kwa wale watu kabla ya jioni. Nililihisi neno hilo mdomoni, lina uzito wake. Siwezi kujisifu kwamba nilimsamehe. Nilikuwa naogopa tu kwamba nikilitoa, itabidi hadithi yote isemwe tena, mbele ya watu, na safari hii na mama akiwapo.

Mama hakujua chochote. Jumapili ya mwisho, baada ya misa, alipika ndizi na maharagwe kwa siagi ya ng'ombe, chakula cha sikukuu, akamwalika rafiki yangu na mama yake mdogo ingawa wao ni wa kanisa jingine. Alimpa rafiki yangu kitenge ambacho mimi nilikuwa nakitamani tangu zamani. Walipokuwa wanaagana akamchorea ishara ya msalaba kwenye paji la uso, akamwambia, "Nenda binti yangu, ukawatibu watu." Rafiki yangu akaanguka magotini pake, akalia kwa kwikwi, akamshika miguu, akawa anasema "Mama, unisamehe, mama, unisamehe," na wote waliokuwapo walifuta machozi, kwa kuwa ndivyo anavyosema mtoto anayekwenda mbali. Mama alimwinua.

Walipoondoka aliniuliza, "Mbona analia kama aliyetoka kuzika?"

"Ana safari ndefu, mama."

Baba alikuwa amesharudi Burundi kutazama shamba lake na hakurejea, kwa hiyo tulikuwa wawili tu tunaoondoa vyombo. Nilivunja bakuli moja. Mama alidhani ni wivu, akanikemea kwa upole kwamba kila mtu ana siku yake.

Siku yangu ilikuja kwa njia nyingine. Kwa msaada wa parokia nilipata nafasi katika chuo cha ukunga Mbarara. Waliomba matokeo ya mtihani, cheti cha afya na picha ndogo. Hawakuniuliza kwa nini. Nilikaa na ile fomu nikaigeuza upande wa nyuma, nikitafuta swali, na ukurasa ulikuwa mweupe. Nilipaswa kufurahi. Nilichohisi ni kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi akakuta mlango uko wazi na hakuna mtu ndani. Sasa ninapanga chumba Biharwe na mwanafunzi mwenzangu, ninajifunza kazi, na kazi naiweza. Kama bado nataka kuwa daktari, sijui. Swali lenyewe nililijibu mara nyingi mno.

Na yeye anasoma vizuri. Kwa muda mrefu tulikuwa tunaandikiana salamu za Krismasi na picha, hakuna zaidi. Halafu mwezi uliopita, nikiwa nyumbani Nakivale kwa likizo, akanipigia simu ya picha. Amenenepa kidogo, amesuka vizuri. Tulisalimiana. Akauliza habari za mama, za ziwa, za madamu. Nikaona kwamba kuna kitu anakizunguka.

"Bale batu banaotusomesha banafanya mukutano," akasema mwisho. "Kila mwaka banataka nisimulie. Mwaka huu mumoja aliniuliza, yule mutoto alikuwa mvulana ao binti? Sababu Kiingereza kinataka kujua, huwezi kusema tu 'yule'. Nikasema binti." Akangoja. "Nilisema muzuri?"

"Sijui," nikasema.

"Haujui?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi nilikuwa mtoto, walinitoa nje. Na baadaye sikuuliza."

Nyuma yake niliona dirisha, na jiko safi, na kikombe kilichosahaulika juu ya meza.

"Nimechoka nayo," akasema. "Nimeisema mara mingi sasa naiota. Lakini katika ndoto ule mama kitandani iko mama yangu. Na hanizibi mudomo. Ananiuliza tu, amesema nini, amesema nini, na mi sina Kiingereza."

Nilitaka kumwambia airudishe. Lakini irudi wapi? Nilitaka kumuuliza majina ya ndugu zake, yale niliyoshindwa kuyauliza pale Ruti, nikaona kwa simu haifai, mwenzangu yuko peke yake katika chumba kile. Nikamwambia awaambie kwamba mwaka huu hasimulii. Akasema atajaribu. Sote tulijua hatajaribu. Tukaagana kwa kusalimiana tena upya, kama wanavyofanya watu wasiojua namna ya kukata simu.

Nilimkuta mama shambani anang'oa maharagwe, nikainama nikaanza tuta la pili. Jua lilikuwa bado la asubuhi. Yeye ndiye anayejua jibu. Alimzaa yule mtoto, alimwona. Tuliendelea kung'oa, tunaweka mafungu ya maharagwe nyuma yetu, na mara mbili nilifungua mdomo nimuulize.

"Ulikuwa unaongea na rafiki yako," mama akasema bila kuinua kichwa. "Nimesikia sauti yake."

"Ndiyo, mama. Anakusalimu sana."

"Anaendelea na shule?"

"Anaendelea."

"Mungu asifiwe. Mwambie asile baridi, atengeneze chakula. Hao wanaosoma sana husahau kula." Akang'oa shina moja, akalikung'uta udongo, akalitazama maganda yake. "Na wewe ukimwandikia, mwambie namwombea kila siku. Yule mtoto ana kitu kinachomlemea. Nilikiona siku ile."

"Nitamwambia," nikasema, nikahamia tuta lililofuata.